Saa 13 za Kompyuta, Saa 31 za Shangazi

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha, nina malalamiko. Zile tovuti za kukokotoa umbali kati ya viwanja vya ndege zinatudanganya, na nitawaeleza vipi.

Januari 2019 shangazi yangu alisafiri kutoka Bungoma kwenda kumwona mwanawe New York. Kenya Airways ilikuwa imeanza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi tarehe 28 Oktoba 2018. Mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa ukoo, kwa hivyo niliulizwa atafika saa ngapi. Nikaingiza JKIA na JFK kwenye tovuti moja: kama kilomita 11,840, saa 13 na dakika 9. Nikampigia binamu, awe uwanjani saa kumi na dakika 40 alfajiri.

Ndege ilitua karibu saa kumi na mbili na nusu. Kwa muda wa saa mbili hivi binamu alinipigia simu kama kichaa, akidhani mamake amepotea.

Umbali wenyewe ulikuwa sahihi. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari utapita Nigeria, lakini dunia ni mviringo na njia fupi iko juu zaidi, Sahara. Fomula ya haversine inalijua hilo, na ni mistari michache tu ya kodi.

Uongo uko kwenye muda. Tovuti iligawanya kilomita kwa 900, basi. Haikuhesabu ndege kutambaa ardhini, kupanda, wala upepo mkali wa anga za juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo maana kwenda New York ni kama saa 15, kurudi kama 14. Umbali wa A hadi B ni sawa na wa B hadi A, muda sivyo. Mwandishi wa programu asiyejua hivyo hajawahi kupanda baiskeli dhidi ya upepo!

Halafu kuna saa za nchi. Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha Machi na Novemba, kwa hivyo tofauti ni saa 7 au 8 kutegemea mwezi. (Usiandike 8 ndani ya kodi yako, tafadhali.)

Na shangazi hakuanzia JKIA. Alipanda basi Bungoma saa moja asubuhi, ndege ikaruka saa tano na nusu usiku. Jumla, hadi kutua, zaidi ya saa 31. Kabla ya kuondoka aliniuliza, "Mwanangu, dawa ya presha nimeze kwa saa ya huku au ya huko?" Nikamwambia amuulize daktari, kisha tukaandika saa za kumeza, za huku, nyuma ya bahasha ya tiketi.

Sasa ninaandika kikokotoo changu. Kitauliza kwanza unatoka mji gani, kitatoa muda wa kwenda na wa kurudi kando kando, na kitachapisha ile bahasha.