Sera ya Akili Unde ni Sera ya Lugha

Mwanafunzi wangu wa uzamifu, aliyebakiza miezi michache akamilishe tasnifu yake kuhusu Kivumba, alinijia majuzi na swali lililonikosesha usingizi. Je, haingekuwa busara auache utafiti wa lahaja, ambao kwa maneno yake "hauna ajira", aingie katika taaluma ya sera za teknolojia na akili unde? Nilimwomba tusijadiliane ofisini. Twende kwanza Majoreni, nikamwambia, alikokusanya data yake.

Majoreni ni kijiji cha wavuvi na wakulima kusini mwa Kwale, upande wa Vanga, ambako Kivumba na Kidigo hukutana kila siku. Tulikaa barazani kwa mzee mmoja mvuvi. Baada ya kuamkiana, na kwa idhini yake, tuliwasha programu ya simu inayodaiwa kuandika Kiswahili kinachotamkwa. Mzee akatueleza jinsi upepo wa kusi unavyowafunga wavuvi pwani. Kilichoandikwa kilikuwa kichekesho: maneno mengi yaligeuzwa kuwa mengine kabisa, na yaliyosalimika yakasanifishwa. Tulipomsomea, mzee alicheka, kisha akauliza: "Huyu anisikia mimi, au ajisikia mwenyewe?"

Swali hilo ndilo kiini cha hoja yangu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuusimamia usanifishaji huo. Walimu wa Pwani wanayajua matokeo yake: mtoto anayeandika kama asemavyo nyanyake hupigiwa mstari mwekundu. Hata hivyo, uamuzi ule ulifanywa na watu waliokaa kitako, na tunaweza kuwalaumu. Leo usanifishaji wa pili unaendelea bila mkutano wowote. Mashine hujifunza kutokana na maandishi na sauti zilizo nyingi. Lahaja yenye rekodi chache huhesabiwa kuwa kosa la matamshi. Na Kivumba kimeandikwa kidogo mno. H. E. Lambert, aliyekuwa mtawala wa kikoloni, alikitungia kitabu mwaka 1957.

Haya si mambo yasiyowezekana. Mradi wa Kencorpus, uliowashirikisha watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya data ya Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, na Kiluhya hakikuchukuliwa kwa jumla bali kwa lahaja: Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Palipokuwa na wanaisimu, lahaja zilihesabiwa.

Sasa tazama upande wa sera. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaiagiza serikali kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za Wakenya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inautaja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki. Mnamo Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa akili unde wa miaka 2025 hadi 2030. Nani atakayezisoma nyaraka hizi tatu kwa pamoja, akauliza iwapo mzee akitoa sauti yake mara moja barazani ameitoa milele, na kwa yeyote? Mwanasheria anaijua idhini. Mhandisi anaijua mashine. Lakini nani atawaambia kwamba kinachoitwa "makosa" katika data yao ni sarufi kamili ya watu wa Majoreni? Sisi wanaisimu, nakiri kwa haya, tumeshughulika zaidi na kubishana iwapo kitu hiki kiitwe akili unde, akili mnemba au akili bandia.

Kwa hiyo nilimshauri asiache. Aongeze sura moja: ni data gani ya Kivumba itolewe kwa mashine, kwa masharti gani, na wenye lugha wapate nini. Najua pingamizi litakalotolewa na wenzangu katika jopo, kwamba hiyo si isimu. Nimelisikia likitolewa mara mbili kwa wanafunzi wengine, na mara zote mbili nilinyamaza. Safari hii mwanafunzi atawasilisha mapendekezo yake baada ya likizo, na sura hiyo imo. Nami nimekwisha kuitia sahihi.