Bega Ndilo Linalolenga

JICHO LA MAGHARIBI
Na Seif Kalunde

Wiki iliyopita nilimkuta mpwa wangu kwenye banda la gemu hapa Tabora. Alikuwa ameuvuta upinde kwenye skrini, ameushikilia, anatafuta adui wa kupiga. Akasogeza kimsalaba cheupe hadi kifuani kwa askari, akaachia. Mshale ukanyooka kama risasi.

Upinde hauko hivyo. Zile pinde za vita za Waingereza zilizoopolewa kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, zinakadiriwa kudai nguvu ya kilo 45 hadi zaidi ya 70 kuvutwa. Mkono gani utashikilia uzito huo huku jicho likichagua? Mpiga upinde huamua kwanza, ndipo avute. Ugwe ukishafika shavuni, unaachiwa. Macho yako kwenye windo, na umbali anaujua kwa mazoea ya bega, maana mshale hushuka kadiri unavyokwenda. Upinde wenye kifyatulio ndio uwezao kungoja umevutwa, ila kuutega upya huchukua muda ambao mwenzake ameshatupa mishale kadhaa.

Gemu moja ya Wacheki, Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018, ilikiondoa kile kimsalaba kwa mwenye upinde. Wachezaji wakalalamika. Mimi nasema waliokiondoa walifanya haki.

Jambo hili linanigusa kwa kuwa tunaishi juu ya njia ya zamani ya misafara. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora, mwandishi wa habari Stanley akiwa upande wao, walitoka kumpiga Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi. Waliiteka ngome ya Zimbizo, kikosi kikasonga hadi Wilyankuru kikapora. Kikirudi kimeelemewa na nyara, watu wa Mirambo wakakiinukia kutoka kwenye nyasi ndefu kandokando ya njia. Gobori zilikuwepo, nazo zilikuwa na udhaifu uleule wa upinde wa kifyatulio: ukishapiga, unaanza upya kushindilia baruti. Mirambo alilijua hilo, akachagua mahali ambapo adui hatapata nafasi ya pili.

Gemu ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka: miombo, nyasi za kumfika mtu kifuani, pumzi inayobanwa, rugaruga, askari wa Mirambo, aliyechutama. Nilimsimulia mpwa wangu. Akaniuliza, "Mjomba, na kile kimsalaba kitakuwepo?"

Nikamwambia hakitakuwepo. Akaweka pedi chini, akataka nianze tena pale kwenye nyasi.