Bei ya juu, maji ya ndoo

Mnunuzi mmoja wa mpunga aliyekwenda Mbeya kwa maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale alitozwa Sh120,000 kwa usiku mmoja, katika hoteli iliyowahi kuwa na jina mjini humo. Alipewa chumba chenye kapeti lililofubaa, televisheni ya chogo yenye chaneli moja, na hita ya maji iliyokwisha kufa. Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya Agosti si ya mzaha.

“Samahani baba, tutakuletea ya ndoo,” aliambiwa mapokezi. Ndoo ilifika saa tatu asubuhi, mgeni ameshavaa koti.

Kosa si bei. Wapo wanaolipa hata zaidi ya hapo bila kunung'unika, ilimradi wapate walicholipia. Hoteli hii inauza jina la zamani kwa bei ya leo.

Kinachouma zaidi ni kifungua kinywa. Kahawa ya kopo, maziwa ya unga, juisi ya boksi. Haya yanatokea jirani na Rungwe, wilaya yenye ng'ombe wa maziwa, ndizi na maparachichi, na si mbali na Mbozi inayolima kahawa ya arabika. Viazi pekee vilitoka karibu, navyo vilikuwa vimelowa mafuta. Soko la mkulima liko mezani pale, lakini mfugaji anayesubirishwa malipo miezi miwili hawezi kuendelea kupeleka maziwa.

Wenye hoteli hujitetea kwa kodi na umeme. Ni kweli, VAT peke yake ni asilimia 18, na huenda gesti ndogo haijafikia kiwango cha kuitoza. Hata hivyo gesti nayo hununua umeme wa LUKU ileile. Iko moja mpya nyuma ya stendi inayotoza Sh35,000, shuka safi, maji ya moto bombani.

Wiki ya Nane Nane vyumba hujaa, na mwenye hoteli hudhani biashara inakwenda. Afanye hesabu hiyo Februari. Mapato ya vyumba vichache tu kwa wiki hiyo yangetosha kununua hita mpya.

Mnunuzi yule alipanga kulala siku nne. Alilala moja, akahamia gesti ile, na tofauti ya Sh255,000 ikabaki mfukoni mwake.