Kabla ya muhuri wa LC, waambieni wapangaji

Jengo ninamoshonea hapa Bwera linauzwa. Habari hizo sikuzipata kwa wenye nyumba. Nilizipata kwa dalali, aliyeingia dukani na watu wawili, akawaonyesha dari, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, kisha akaniomba nisogeze cherehani wapime upana wa mlango. Nikamuuliza, "Kaka, mnapima nini?" Akanijibu, "Mama, wewe endelea tu na kazi yako."

Anayeijua barabara ya kwenda Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Congo, anayajua majengo ya namna hii. Mbele ni maduka: mimi, jirani yangu anayeuza vitenge vya Congo, kijana wa kutuma na kutoa pesa, na duka la dawa. Juu ni loji, wanakolala wachuuzi wa Congo kutoka Beni na Butembo usiku wa kuamkia Jumanne na Ijumaa, siku za soko. Nyuma, ukipita kichochoro chenye bomba la maji, kuna vyumba vya kupanga kimoja kimoja, ambamo mwalimu anapakana na dereva wa boda, na ugomvi wao mkubwa ni zamu ya kufagia choo.

Dalali akitaja bei huitaja kwa dola, na sifa yake ya kwanza haihusu matofali. "Milango yote ina watu," anasema. "Hakuna chumba kitupu." Yaani anatuuza sisi, na bado haoni sababu ya kutuambia.

Juni 2019, Ebola ilipothibitishwa hapahapa Bwera, siku za soko zilisimamishwa. Mwaka uliofuata ikaja korona: malori yakawa yanapita mpakani, lakini mteja wangu wa miguu akabaki ng'ambo ya mto Lhubiriha, ulio mpakani. Loji ilikaa tupu. Mzee mwenye nyumba, Mungu amrehemu, alipita mlango hadi mlango akisema tulipe tunachopata. Mimi nilishona barakoa, nikalipa. Jirani yangu alikuwa akikosa shilingi anapeleka kitenge, na mjane wa mzee angali anavivaa vitenge hivyo vya kodi kanisani. Nani basi aliyelishikilia jengo lile lisifungwe? Warithi wanaouza leo walikuwa Kampala.

Mauzo haya yana wengi wanaopaswa kuulizwa. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamzuia mtu kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa. Serikali inachukua asilimia 1.5 ya thamani, ushuru wa stempu. Mwenyekiti wa LC I, baraza la kijiji, anagonga muhuri kwenye agirimenti, naye haondoki mikono mitupu. Sheria hiyohiyo ya 1998 inamjali hata mkaaji wa kibanja kwenye ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine: mwenye ardhi akitaka kuuza, na mkaaji akitaka kununua, huyo mkaaji apewe nafasi ya kwanza. Mpangaji wa duka hayumo. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 ilitufaa, maana ilizuia kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Lakini kizuizi hicho kitanifaa nini mnunuzi akiamua kubomoa?

Ninachotaka ni hiki: nafasi ya kwanza aliyopewa mwenye kibanja tupewe na sisi. Siku 90, kwa bei ileile anayopewa mgeni. Tukishindwa kuifikia, auziwe huyo mgeni.

Mnunuzi aliyeletwa na dalali ni mtu wa Butembo, kwa hiyo najua nitaambiwa nawapinga Wakongo. Siwapingi, nusu ya magauni ninayoshona yanavuka mto, na Kikonzo na Kinande karibu ni lugha moja. Tangu Juni 2021, Rais Museveni na Rais Tshisekedi wa Congo walipozindua hapa Mpondwe ujenzi wa barabara ya ng'ambo, ya kutoka Kasindi kwenda Beni, kisha Congo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kila mwenye kiwanja barabarani anajiona amekalia dhahabu. Asiye raia anaruhusiwa kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, si kuimiliki moja kwa moja. Hapo ndipo jina la shemeji wa upande huu linapoingia kwenye karatasi, na siku mashemeji wakigombana, mpangaji hajui amlipe nani. Hilo nalo ni neno, ila leo si langu.

Wengine watauliza, mshonaji na muuza vitenge watatoa wapi pesa za ghorofa? Swali zuri. Fedha za serikali za Mpango wa Maendeleo wa Parokia (PDM) ni za kahawa, kuku na mbuzi, si za kuta. Lakini kule Kyarumba, wilaya hiihii ya Kasese, Bukonzo Joint ilitokana na vikundi vidogo vya kuweka akiba, na leo ni ushirika unaouza kahawa nje. Wapangaji wa jengo moja, wanaolipa kodi kila mwezi na wana daftari la kuthibitisha, ni wakopaji wazuri kuliko wengi waliokopeshwa mjini hapa.

Nafasi ya kwanza ni kazi ya Bunge, na Bunge lina mwendo wake. Halmashauri ya mji wetu wa Mpondwe-Lhubiriha inaweza kuanza na dogo: itunge sheria ndogo kwamba LC I asigonge muhuri kwenye agirimenti ya jengo lenye wapangaji mpaka aone barua inayoonyesha wameambiwa kwa maandishi, majina yao na mikataba yao ikiwa imeambatishwa.

Sisi tumeshawaandikia warithi. Tumeomba siku hizo 90, na tumeomba kuona hati, kwa sababu ardhi nyingi hapa ni ya kimila na huenda mzee aliacha agirimenti tu kwenye sanduku. Na yule mnunuzi wa Butembo angeuliza hilohilo kabla ya kupima mlango wangu.