"Alikubali Mwenyewe": Alikubali Nini Hasa?

Mwaka jana nilikuwa Masasi kwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Jioni moja kijiweni, bodaboda mmoja alinisogezea simu: "Ticha, umeiona hii konekisheni? Dada wa Newala huyu." Nikaifungua. Sikuuliza imetoka wapi. Sekunde chache zilitosha kumtambua: mtu mzima, namfahamu kwa sura, alikuwa anauza duka. Wiki haikuisha, akahama mji. Bwana wake wa zamani, aliyerekodi na kuirusha, yupo tu, anasubiri msimu wa korosho kama wengine.

Siku chache baadaye, nikiwa kwenye kipindi cha Uraia, mwanafunzi wa kidato cha tatu akaniuliza: "Mwalimu, kama alikubali kurekodiwa, kosa la nani?" Nikasema tutaongea kipindi kijacho. Hatukuongea. Najibu leo, maana hata huku chuoni mjadala huu huwa tunaufunga kwa maneno matatu: "si alikubali mwenyewe!"

Sawa, alikubali. Alikubali nini? Kukubali kulala na mtu ni jambo moja. Kukubali kurekodiwa ni la pili. Kukubali video itoke nje ya chumba ni la tatu, na kukubali iuzwe ni la nne. Kila hatua ina ridhaa yake. Yule dada, kwa yote yaliyosemwa kijiweni, alivuka hatua mbili. Mbili zilizobaki alivushwa.

Hata penye mkataba na malipo, maswali hayaishi. Kule San Diego, Marekani, kampuni ya GirlsDoPorn iliwavuta mabinti kwa matangazo ya kazi ya uanamitindo. Waliambiwa filamu zitauzwa kwa DVD nchi za mbali, hazitawekwa mtandaoni. Wakasaini, wakalipwa. Zikawekwa mtandaoni, zikafika kwa wazazi na wanafunzi wenzao. Januari 2020 mahakama iliamuru wanawake 22 walipwe karibu dola milioni 13. Sahihi zao zilikuwepo, lakini ridhaa iliyopatikana kwa uongo haikuhesabika.

Kuna wenzetu watasema: kuna watu wazima wanaochagua kazi ya filamu za ngono kwa akili zao, tusiwafanye watoto. Hoja hiyo naiheshimu. Ila kumheshimu mtu mzima ni pamoja na kuuliza: alijua filamu inakwenda wapi? Angeweza kukataa katikati bila kukosa nauli ya kurudi au kodi ya chumba? Akibadili mawazo kesho, nani ataifuta? Majibu yakiwa mabaya, huo ni unyonyaji, hata kama alitabasamu kwenye kamera.

Sheria yetu nayo ina pengo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inamwadhibu anayechapisha picha za ngono kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7. Adhabu kali, lakini kifungu hakiulizi kama aliyeonekana aliridhia. Ndiyo maana mtu aliyerushwa anaogopa kwenda polisi: anahofia naye atahesabiwa mshtakiwa.

Kwetu Makonde, mambo ya unyago yanabaki unyagoni. Wanayoyaona kina mama na nyakanga mle ndani hayatolewi barazani. Sisemi unyago hauna kasoro. Mara nyingi binti mwenyewe haulizwi kama anataka kuingia. Lakini bibi zetu walijua jambo ambalo sisi wenye simu janja tumelisahau: kuonekana mahali pamoja si ruhusa ya kuonekana kila mahali.

Wanachuo wenzangu, hasa tunaokwenda kushika chaki, soko la konekisheni linaishi kwa vidole vyetu. Anayerekodi kwa siri anajua kuna anayesubiri. Siku ile mmoja wa waliosubiri nilikuwa mimi.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, jibu ni hili: kosa ni la aliyerusha, na la kila aliyeipokea akaipitisha. Mimi sikuipitisha, lakini niliitazama, kisha nikakunyima jibu. Kipindi kijacho ikifika kwenye simu yangu, naifuta bila kuifungua, na aliyeituma namwambia kwa nini.