Lipa leo, cheza ukijaliwa

Leo nina hasira, kwa hivyo mnivumilie kidogo.

Juzi jioni nilitoka kazini nikasema nipumzike na gemu moja niliyoinunua miaka mitatu iliyopita. Jina sitalitaja. Niliinunua ikiwa bado inatengenezwa, na tangazo lake lilisema ingekamilika baada ya mwaka mmoja hivi. Nilipoifungua, ikadai kwanza nipakue sasisho la gigabaiti 14. Bando langu la wiki nzima likaishia hapo. Sasisho lilipokwisha kuingia nikasoma orodha ya mabadiliko: kofia tatu mpya za wahusika, rangi mpya ya menyu, na taarifa kwamba michezo yote iliyohifadhiwa awali haitafunguka tena. Saa zangu 40 zikapotea hivyo. Na lile daraja ambalo kila anayelivuka huzama ardhini? Bado lipo, na watu bado wanazama.

Nikajiuliza: hivi mimi hapa ni mteja, au ni mfanyakazi asiye na mshahara?

Kwanza tuelewane

Kwa wale wasiocheza gemu za kompyuta, nieleze kidogo. Zamani gemu ilikuwa inauzwa ikishaisha. Unanunua diski, unaiweka kwenye kompyuta, unacheza. Kasoro zilikuwepo, lakini mwanzo, kati na mwisho vilikuwepo pia. Mwaka 2009 Msweidi mmoja, Markus Persson, alianza kuuza Minecraft ikiwa bado changa kabisa, kwa bei ya chini kuliko ile ya baadaye, na walionunua mapema wakapata matoleo yaliyofuata bila kulipa tena. Toleo kamili lilitoka Novemba 2011. Sote tunajua Minecraft ilifika wapi.

Wengine wakaona. Machi 2013 Valve, kampuni ya Marekani yenye duka la mtandaoni liitwalo Steam, ilifungua sehemu maalum iliyoitwa Early Access, ikianza na gemu 12. Hapo mtengenezaji anaruhusiwa kuuza gemu ambayo haijakamilika, nawe unaicheza huku yeye akiendelea kuijenga. Mimi naziita gemu mbichi.

Sina ugomvi na ubichi wenyewe. Mama anayeuza embe bichi pale stejini anakukatia, anatia chumvi na pilipili, unalipa, unakula. Anakwambia ni bichi, anaiuza kwa bei ya embe bichi, na hakuna anayeitafuna akingoja iive mdomoni. Ugomvi wangu ni na yule anayekuuzia bichi kwa bei ya mbivu, halafu anakuambia ukae papo hapo ungoje.

Beta si ngao

Mimi natengeneza programu, hiyo ndiyo kazi yangu. Chuoni tulifundishwa kwamba alfa ni toleo ambalo sehemu zake hazijatimia, na beta ni lile ambalo sehemu zake zimetimia na sasa linasakwa kasoro. Kusaka kasoro ni kazi ya watu. Kwenye kampuni za programu wako walioajiriwa kubonyeza kila kitufe mara mia, kuandika kilichoharibika na namna kilivyoharibika, na mwisho wa mwezi wanalipwa. Gemu mbichi imepindua mambo: anayejaribu ndiye anayelipa! Akilalamika anajibiwa, "Tulia, ni beta tu." Neno lililokuwa onyo limegeuzwa kuwa ngao.

Lakini kasoro si kiini cha hasira yangu. Mimi mwenyewe huandika programu zenye kasoro kila siku ya Mungu. Kiini ni hiki: nani ameshika shilingi ya mwisho?

Ukimpelekea fundi wa cherehani kitambaa cha suti ya harusi, unampa arbuni, tuseme nusu ya bei. Nusu nyingine inabaki mfukoni mwako, na hiyo ndiyo inayomkesha fundi usiku wa kuamkia harusi. Mlipe zote siku ya kwanza uone. "Njoo kesho" utaisikia mpaka uchoke.

Najua haya kwa sababu nimewahi kuwa fundi huyo. Miaka michache iliyopita mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniamini, akanilipa pesa zote mwanzoni nimtengenezee programu ya kuhesabu mali yake stoo. Ilikuwa kazi ya miezi miwili. Sikuwa na nia ya kumwibia hata senti. Lakini kila kazi nyingine iliyokuja ilikuwa na pesa mbele yake, na ya mzee pesa zake zilikuwa zimeshaliwa. Ikachukua miezi minane, na ile ripoti ya mwisho wa mwezi niliyomwahidi sikuimaliza kamwe. Mzee alikuwa akinipigia simu kila Jumatatu. Kisha akaacha. Alipoacha nilihisi nafuu, na nafuu ile inanitia aibu hadi leo.

Sasa wazidishe wateja kama mzee yule hadi wafike laki moja, wote wamelipa kamili, na hakuna hata mmoja mwenye namba yako ya simu. Huhitaji kuwa mwizi ili gemu isiishe. Unahitaji tu kuwa binadamu.

Mifano iko wazi

Tuanze na Spacebase DF-9 ya Double Fine, studio ya San Francisco. Ilianza kuuzwa mbichi Oktoba 2013 ikiwa na orodha ndefu ya mambo yaliyopangwa kuongezwa. Mwaka mmoja baadaye mauzo hayakutosha kulipia kazi, sehemu kubwa ya orodha ikaachwa, na kilichokuwepo kikabandikwa jina la toleo 1.0. Nawaambia kama mtu wa kazi hii: 1.0 ni maandishi tu ndani ya faili. Nikitaka kubadilisha 0.6 iwe 1.0 nahitaji sekunde mbili.

Angalieni pia ndugu wawili. Kerbal Space Program, gemu ya kujenga roketi kutoka Mexico, iliuzwa mbichi kwa miaka, ikaendelea kukua, ikafika 1.0 mwaka 2015. Watu waliipenda sana. Kisha likaja toleo la pili, chini ya kampuni kubwa ya Take-Two, likaanza kuuzwa mbichi Februari 2023 kwa dola 50. Waliahidi makoloni kwenye sayari nyingine, safari za kwenda nyota za mbali, na uwezo wa kucheza pamoja na wenzako. Mwaka 2024 ofisi ya studio pale Seattle ikafungwa, na hayo matatu hayakuwa yamefika. Gemu yenyewe ikabaki dukani ikiuzwa! Njia ni ileile, jina ni lilelile, tena mtoto wa tajiri ndiye aliyeshindwa. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba tatizo ni umaskini wa watengenezaji wadogo.

Halafu kuna ARK: Survival Evolved. Septemba 2016, ikiwa bado mbichi, watengenezaji wake waliuza nyongeza ya kulipiwa, Scorched Earth. Gemu kamili ilitoka Agosti 2017. Yaani nyumba haina paa bado, na wewe unauziwa roshani.

Na Star Citizen? Hiyo haikupitia Steam, lakini ugonjwa ni huohuo. Ilianza kuchangisha pesa Oktoba 2012 ikilenga kutoka mwaka 2014. Hadi mwisho wa 2024 ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 700 na bado haikuwa na toleo kamili. Simwiti mtu tapeli hapa. Nauliza swali la biashara tu: kama pesa zinaingia wakati wa kujenga, kumaliza kuna faida gani?

"Lakini bila hivyo wadogo watakula nini?"

Najua kuna msomaji ameshaanza kuniandalia jibu hilo, na ana hoja. Hades ya Supergiant iliuzwa mbichi kuanzia Desemba 2018, ikakamilika Septemba 2020, na ni miongoni mwa gemu nzuri kabisa nilizowahi kucheza. Factorio ya Wacheki ilifika 1.0 Agosti 2020 baada ya miaka ya kuuzwa mbichi. Baldur's Gate 3 ya Larian, Wabelgiji, ilianza kuuzwa Oktoba 2020 na ikakamilika Agosti 2023. Bila wachezaji wa mapema kuikosoa, huenda isingekuwa hivyo ilivyo.

Nakubali yote. Lakini tazameni walichofanya. Larian waliuza sehemu ya kwanza ya hadithi, na sehemu ile ilikuwa gemu ya kutosha: ungeweza kulipa, kucheza, kufurahi, na hata wangekufa kesho yake usingedai. Hades ilikuwa tamu tangu mwezi wa kwanza. Watu wa Factorio walikuwa wakiandika ripoti karibu kila Ijumaa, wakieleza walichojenga na walichoharibu. Hao waliuza kilichokuwepo. Wale wengine waliuza kitakachokuwepo. Njia hii si mbaya kwa kila mtu, ila duka linampokea mkweli na mwongo kwa mlango mmoja na bei moja.

Na duka si mtazamaji tu. Steam kwa kawaida hukata asilimia 30 ya mauzo, ya embe mbivu na ya embe bichi vilevile. Tangu 2015 unaweza kurudishiwa pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Inafaa sana kwa gemu iliyokamilika. Kwa gemu mbichi haisaidii kitu. Saa mbili za mwanzo ndizo tunazosugua zaidi sisi watengenezaji, maana ndizo zinazoonyeshwa kwenye tangazo. Uozo uko saa ya ishirini, na ahadi huvunjwa mwaka wa tatu. Mwaka 2025 Steam ilianza kuweka ilani kwenye gemu mbichi ambazo hazijapata sasisho kwa zaidi ya mwaka. Vizuri. Lakini huko ni kubandika tangazo la kifo mlangoni huku ndani biashara inaendelea.

Wakitaka wanaweza. Desemba 7, 2023 ilitoka The Day Before kwa dola 40. Siku nne tu baadaye studio yake, Fntastic, ikatangaza kwamba inafunga. Kelele zilikuwa nyingi mno, na wanunuzi wakarudishiwa pesa zao, haijalishi walicheza saa ngapi. Kumbe mitambo ya kurudisha pesa ipo! Kinachokosekana ni kelele, kwa sababu gemu nyingi hufa polepole, bila mazishi.

Ninachodai

Kwanza, duka lishikilie sehemu ya pesa. Mtengenezaji apewe nusu ale na afanye kazi, nusu nyingine itolewe kidogo kidogo kila anapotimiza jambo aliloliorodhesha mwenyewe siku ya kuuza. Orodha hiyo isibadilishwe kimyakimya, na kubandika 1.0 kusihesabiwe kuwa kumaliza.

Pili, nyongeza za kulipiwa zisiuzwe kabla gemu yenyewe haijakamilika.

Tatu, studio ikifungwa, gemu itolewe sokoni siku hiyohiyo, na kilichobaki kwenye ile nusu iliyoshikiliwa kirudi kwa walionunua.

Nne ni yetu sisi wachezaji, na hii haingoji Valve. Ukiona gemu mbichi, funika kwa mkono ile orodha ya "yajayo". Tazama kilichopo leo. Je, kinatosha bei hiyo leo, pamoja na bando la kukipakua? Kama ndiyo, nunua na ufurahie. Kama hapana, iache. Steam yenyewe imeandika onyo la namna hiyo kwenye kurasa za gemu hizi: kama haikuvutii ilivyo sasa, subiri. Tatizo tunaliruka onyo tunakimbilia picha za yajayo.

Watengenezaji wenzangu watasema nawaharibia riziki. Hapana. Wahenga walisema ahadi ni deni, na hawakusema "isipokuwa wakati wa beta". Mimi tangu ile kazi ya mzee sikubali tena kulipwa zote mwanzoni, hata mteja akilazimisha. Nachukua asilimia 40, na 60 anabaki nazo mpaka aone kila kitu kinafanya kazi mbele ya macho yake. Sifanyi hivyo kwa kuwa mimi ni mwema. Najijua.

Ile gemu yangu nimeifuta kwenye kompyuta, na sitaipakua tena hadi nisikie daraja limetengenezwa. Na wewe je, umewahi kununua gemu mbichi? Iliiva, au bado umekaa stejini unangoja?