Kwaya haijengwi na kinanda peke yake

Horohoro, mpakani wilayani Mkinga, ni mji wenye wageni wengi. Baba mmoja amehamishiwa kazi, mama mwingine anauza chakula, mwingine anasubiri mume aliye safarini na lori. Jumapili kanisani, Msambaa na Mchaga husimama safu moja na jirani aliyevuka kutoka Lunga Lunga.

Mwalimu hufundisha nota. Kusikilizana hufundishwa na maisha. Waliochota maji pamoja msibani na kuchangia mgonjwa mmoja hujua mwenzao anapoishiwa pumzi, nao humshikia sauti mpaka arudi.

Padri Stephen Mbunga aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1963, kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Wimbo wa ibada unaweza kuchota kwenye nyimbo za watu wenyewe, lakini wa kuchota ni yule anayekaa nao.

Kwa hiyo mzazi anayemtoa mtoto kwaya kwa sababu ya mitihani, au anayemwondoa kabla ya chai, apime anachokata. Mtoto aliyehamia juzi, bibi na shangazi wakiwa mbali, hapo ndipo hupata wa kuwaita hivyo. Siku mama akilazwa, mwimbaji mwenzake ndiye atakayempikia.

Wiki hii, mazoezi yakiisha, mzazi asikimbilie nyumbani. Akae nusu saa, ajue majina matatu ya watoto wa wenzake.